Mtufaha wa Darasa la Tatu

Mzee Stamen, mlinzi na mtunza shule, alitoka stoo na shoka mkononi, naye alikuwa amevaa suti.

Mwalimu Zornitsa alimwona kupitia dirisha la darasa la tatu. Chaki ikamvunjikia vidoleni. Tangu Septemba, alipohamia kijijini kutoka jiji la Sofia, mzee huyu hakuwa amempa siku moja ya amani. Matuta ya karoti ya watoto aliyaita makaburi ya sungura. Watoto walipouvika mtufaha magunia ili baridi isiuchome, alipita akasema, "Mpe na chai, mwalimu. Mpe na soksi."

Na sasa alikuwa akielekea kwenye mtufaha huohuo.

Watoto waliupanda wenyewe walipokuwa chekechea. Mwaka wa nne sasa, haujatoa hata tunda moja. Mpeasi wa nyuma ya jiko ulizaa mwaka huu mpaka matawi yakategemezwa kwa nguzo, lakini mtufaha, hakuna. Mkuu wa shule alishasema: usipozaa mwakani, bustani yote inamwagiwa zege, walimu wapate pa kuegesha magari.

Yule mzee hakutaka hata kuungoja huo mwakani.

Zornitsa alitoka bila koti. Theluji ikamwingia viatuni. Watoto walikuwa wamemtangulia bila ruhusa, wamejipanga kuuzunguka mti, na kilichomchoma zaidi ni kwamba walikuwa wanacheka. Hata Dimana, aliyelia tawi moja lilipovunjika mwezi uliopita, alikuwa anaunyooshea mti kidole. "Leo utatutambua."

"Weka hilo shoka chini, mzee."

Stamen hakugeuka. Alikuwa akisema na mti. "Miaka minne unakula mbolea yetu. Unakunywa maji yetu. Unatuona wajinga?"

"Nani kakutuma? Mkuu?"

"Sijatumwa na mtu. Leo ni siku ya Mtakatifu Ignati. Kazi hii siku yake ni leo."

"Kwa hiyo unamwadhimisha mtakatifu kwa kuharibu mali ya watoto? Tena mbele ya macho yao? Huna haya, mzee mzima?"

Asubuhi ile, kama kila asubuhi, Zornitsa alikuwa amemwomba Mungu amshikie ulimi. Sasa hakutaka ushikwe.

"Umenidharau tangu nilipofika," alisema. "Nimevumilia. Karoti umezicheka, mimi umenicheka, sawa. Lakini mti huu umekukosea nini?"

"Haujazaa," alijibu mzee kwa sauti kubwa, kana kwamba alitaka asikike mpaka barabarani. "Hizi ni kuni tu. Nakata."

Akatazama upande wa jikoni, kwenye mlango uliokuwa umefungwa tangu Oktoba, walipomzika mke wake Rada, mpishi wa shule. Alitazama muda mrefu. Watoto nao wakaacha kucheka, wakautazama mlango uleule.

Mlango haukufunguka. Mzee akashusha pumzi, akatema mate viganjani, akainua shoka.

Zornitsa aliruka tuta, akajibandika mgongo kwenye shina.

"Usiukate!" alipiga kelele. "Utazaa. Mwakani utazaa, nakuapia mbele ya Mungu. Usiukate."

Shoka likabaki hewani. Halafu likashuka taratibu mpaka likagusa theluji.

Mzee Stamen alivua kofia.

"Umesikia?" alisema, na hakuwa akimwambia mwalimu. Alikuwa akitazama juu ya kichwa chake, kwenye matawi. "Umepata wa kukutetea. Shukuru."

Dimana alimvuta mwalimu sketi.

"Bado mara mbili, mwalimu," alinong'ona. "Mwaka jana mzee aliutisha mpeasi kwa shoka hivihivi, Bibi Rada akauombea mara tatu, ndiyo ukaogopa ukazaa."