Sikio la Ukutani kwa Bi Mwanamvua

Mwenye mtoto asimruhusu kufanya kazi ya kusikiliza watu. Siku hizo kila nyumba ilikuwa na sikio la serikali ukutani, likimjua kila mtu kwa sauti. Hiza, alipokuwa jasusi wa Idara, ndiye aliyeyafunga masikio hayo Korogwe nzima, hata kwa mama yake. Alipoikimbia kazi, Idara ikaanza kumsaka.

Bi Mwanamvua alikuwa akichambua mchicha mlango wa uani uliposukumwa. Mwanawe aliingia amekonda kama ufito, kidole mdomoni. Hakutoa sauti. Akapiga goti, akainamisha kichwa mbele ya mama yake.

"Marahaba, baba," mama akaitikia kwa mazoea.

Akaziba mdomo, lakini neno lilishatoka.

Sikio likauliza kwa upole, "Bi Mwanamvua, nani amekuamkia?"

"Nani aniamkie mie? Naongea peke yangu, ndio uzee huu."

"Pole, mama. Tunakuja kukujulia hali."

Punde magari yakafunga breki mbele na uani. Hiza akaona hakuna cha kuficha tena. Akaushika mkono wa mama yake.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti.

Bi Mwanamvua akafungua mdomo, asiweze kuitikia.