Mashine ya Kuvutwa kwa Mkono wa Kushoto

Mume aliikamata kamba ya mashine ya kukata nyasi kwa mkono wa kushoto, akaivuta. Mashine ikakohoa, ikazima.

"Mzee, wa kulia umeuacha nyumbani?" muuzaji alimtania.

"Wa mke wangu ulivunjika, haukurudi sawasawa. Na yeye ndiye atakayeivuta. Lete nyingine."

Mke, aliyesimama kando amekumbatia mkoba, aliinamisha uso. Machozi yalikuwa karibu.

Hili lilikuwa duka la tatu. Katika la kwanza mashine ziling'aa kama vyombo vya harusi, lakini nyuma hapakuwa na fundi. "Mashine isiyo na fundi ni pambo," mume alisema, wakatoka. Katika la pili fundi alikuwapo, spea hazikuwapo. Hapa aliomba aingizwe karakana. Akafungua droo za plagi, akapima makali ya visu vya akiba kwa kidole, akamwuliza fundi kama huwafuata wateja majumbani.

"Nawafuata. Ila hamna kijana wa kuwasaidia huko?"

"Hatukujaliwa," mume alijibu, akageukia mashine.

"Basi chukua namba yangu, mama," fundi alimwambia mke. "Maana mzee anachagua kama mtu mwenye safari."

Muuzaji alicheka. Mke hakucheka. Safari yenyewe alikuwa ameshaijua.

Aliijua tangu mvua zilizopita. Mume alikonda, chakula cha nyumbani akawa anakionja tu. Kila Jumamosi alitoweka, akarudi amechoka, ananukia sabuni isiyo yao. Sabuni ya hospitali, mke aliwaza. Kisha mume akaanza kumfundisha: swichi kubwa ya umeme hii hapa, maji yanafungiwa pale. Hati ya nyumba akaiandikisha kwa jina la mkewe. Akiulizwa, husema, "Uzee tu huo." Mke hakuhitaji daktari wa kumfumbulia. Alilia bafuni, bomba amelifungua asisikike, akaapa kutomwongezea mzigo mtu anayejikaza hivyo kwa ajili yake.

Mashine ya nne iliitika kwa mvuto mmoja.

"Hii," mume alisema, akashusha pumzi.

Alasiri ile, uani, mke aliivuta mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Ikanguruma. Akakata mstari mmoja wa nyasi, umepinda kama mkia wa mbwa, lakini ameukata yeye. Alipogeuka, mume alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu.

Mke alizima mashine, akamwendea.

"Usijitese tena kunificha, mume wangu. Najua."

Mume alishika ukuta. "Unajua?"

"Tangu mvua zilizopita. Sina kinyongo na wewe wala na Mungu. Nyumba nitaiweza, nyasi umeona nimeziweza. Wewe tuliza moyo."

Mume alimkumbatia, akalia kwa kwikwi. Mke alimpapasa mgongo, taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale. Kisha mume alijitoa mikononi mwake, akaingia ndani kwa wepesi ambao mke hakuuona siku nyingi, akatoka na sanduku lililokwisha kufungwa.

"Ngoja nivae viatu, nikusindikize," mke alisema.

"Usijisumbue, amekuja na gari, yuko hapo getini." Mume alijifuta macho, akatabasamu. "Mungu akubariki kwa moyo huo. Maskini, alivyokuwa akikuogopa, hata jina la mtoto tumeshindwa kuchagua."