Makala ya Kumi na Nne

Siku hizi hakuna makala ya utafiti inayochapishwa bila mawazo ya mwandishi, yaliyonaswa kichwani mwake alipokuwa akiiandika. Msomaji huvaa kofia ya nyaya, akafumba macho, akawaza alichowaza mwenzake.

Mama yangu, Profesa Edina Mwakatobe, alitengeneza vifaa vya kuunganisha ubongo na kompyuta. Ameacha makala thelathini na moja. Tangu tumzike nazisoma moja baada ya nyingine, mezani kwake hapa Morogoro, nikimtafuta. Nyingi zina hesabu, hamu ya chai na maumivu ya shingo.

Leo asubuhi nimefikia ya kumi na nne, aliyoiandika nikiwa na miezi mitatu. Nyuma ya hesabu, mtoto analia chumba cha pili. Analia mpaka sauti inamkauka. Mama anamsikia. Anawaza kuinuka. Kisha anawaza, wazi kabisa, jinsi nyumba ingekuwa tulivu kama nisingezaliwa, na anaendelea kuandika.

Nilivua kofia nikampigia Dokta Kisanga, aliyefanya naye kazi miaka ishirini. Tangu utotoni mwangu hajawahi kuja kwetu bila zawadi yangu, na kila akiaga hunikumbatia kwa muda mrefu, kama mtu anayeomba radhi.

“Shikamoo, mjomba. Makala ya mama ya kumi na nne, umewahi kuisoma?”



“Marahaba, mwanangu,” akasema. “Sote tumeisoma. Ndiyo tunayowafundishia wanafunzi wa mwaka wa kwanza.”