Mkufu wa Bi Mwanaheri

Siku hizi kila atokaye nje huvaa mkufu wa staha. Ukitaka kumsema mtu kwa nguo yake au kelele zake, mkufu unakuzima sauti. Mtaa ulipumua, tusidanganyane. Bi Mwanaheri, aliyekuwa akiukemea mtaa mzima kutoka barazani, sasa ametulia kama maji mtungini.

Nyumbani mkufu unavuliwa. Lakini Salha, mjukuu aliyekuzwa kwa makaripio hayo hadi akawa mtu mzima, alikuwa amechoshwa na ukimya. Mchana huu alipakua wali, akaketi mbele ya bibi yake amekunja nne, akachukua tonge kwa mkono wa kushoto. Akasubiri.

Midomo ya Bi Mwanaheri ikacheza.

"Nigombeze basi, bibi," Salha akamsihi. "Tuko wawili tu."

Bibi akafungua mdomo, akaufumba. Akalitoa lile tonge taratibu, akaliweka kwenye mkono wa kulia wa Salha, kama alivyomfundisha utotoni. Mkono wake mwingine ulikuwa shingoni, ukiupapasa mkufu ambao tangu asubuhi ulikuwa umetundikwa mlangoni.