Kontena Lisilo na Mwenyewe

“Zima,” alisema meneja. “Halafu tusikie nani atapiga kelele.”

Fundi wa seva hakuzima. Makontena kumi na moja, yale masanduku yasiyoonekana ndani ya kompyuta kuu, alikuwa ameshayahamisha kutoka seva kuukuu kwenda seva mpya: la mishahara, la barua pepe, la kamera, kila moja na programu zake, anwani yake na funguo zake, kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana. Lilibaki moja tu, namba tisa. Halikuwa na karatasi wala mwenyewe, na kila akilihamisha liligoma kuwaka, likidai anwani yake ya zamani.

“Kwani linafanya nini?”

“Linasikiliza tu. Linangoja kuitwa. Mara ya mwisho liliitwa miaka miwili iliyopita, kwa dakika nne.”

“Dakika nne kwa miaka miwili! Hata mimi naitaka kazi hiyo.”

Ofisi nzima ikacheka. Bosi akitania, nani hacheki?

Fundi hakucheka. Wawili hawa hawakuwahi kuiva chungu kimoja, na jengo lote, kuanzia mlinzi mpaka mpika chai, lilijua kuwa kiti cha fundi kilishaahidiwa mpwa wa meneja. Kilichokosekana ni sababu.

“Mzee Waya, fundi aliyenitangulia, ndiye aliyelisimika. Kabla hajafa aliniachia neno moja: lisizimwe.”

“Marehemu hapangi kazi hapa.”

“Basi nipe wiki nimtafute mwenyewe.”

“Nakupa. Lakini zima leo. Ijumaa saa sita mchana nakuja na barua yako ya kuachishwa kazi. Akitokea hata mtu mmoja wa kupiga kelele kabla ya hapo, barua naichana mbele ya hawa wote. Asipotokea, unalifuta nikikutazama, unabeba vyako, unakwenda.”

“Kimya kingi kina mshindo mkuu, bosi.”

“Methali haziendeshi seva, dada.” Akachukua kalamu, akayaandika masharti yale ubaoni kwa herufi kubwa, akatia sahihi kwa mbwembwe.

Fundi akazima.

Akazunguka idara zote akiuliza: kuna kilichoharibika kwenu? Uhasibu hakuna. Ghala hakuna. Mapokezi wakamwambia wiki haijawahi kuwa tulivu namna hii. Nyumbani mama yake mgonjwa alimuuliza mbona huli mwanangu, naye akasingizia jino. Angemwambia nini? Nyumba ile nzima, mama na watoto wawili, ilisimama juu ya kazi ile moja.

Na meneja hakumwonea huruma hata chembe. Kila asubuhi alipanda kwa lifti ya wakubwa, ile ya nyuma isiyofunguka bila kadi, na akipita mlangoni kwa fundi aliweka kiganja sikioni.

“Sisikii kitu!”

Ijumaa fundi akafungasha mapema: kikombe, sweta, picha ya watoto. Saa sita ikagonga. Meneja hayupo. Saa sita na nusu, hayupo. Simu yake haipatikani. Fundi akampigia katibu muhtasi wake, ghorofa ya chini.

“Mbona ametoka hapa zamani! Barua mkononi, anachekelea. Alisema kungoja kumemshinda.”

Kumbe ndiyo hivyo. Amejificha mahali, anamwacha aive kwanza kwa moto mdogo. Lione! Wenzake walikuwa wakimtazama kwa macho ya msibani, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Akaandika amri ya kufuta kontena namba tisa, kidole kikasita juu ya kitufe, akaiacha hapo hapo. Afute mwenyewe, si ndiye anayetaka?

Akabeba boksi lake, akashuka kwa ngazi za nyuma, ambazo hazina watu, ili alie bila kutazamwa.

Kati ya ghorofa ya nne na ya tatu akasikia mtu anagonga bati kwa kiatu.

“Nani huyo? Nisaidie, jamani!” Sauti ilikuwa imekauka, lakini aliijua. Ilitoka nyuma ya mlango wa lifti ya wakubwa. “Nimebonyeza kengele ya dharura mpaka kidole kimekufa ganzi! Hakuna anayejibu!”

Fundi akasimama. Namba tisa: linasikiliza tu, linangoja kuitwa. Akafuta machozi kwa kiganja, akaliweka boksi juu ya ngazi, akaketi kando yake na kutoa kalamu.

“Tangu saa ngapi, bosi?”

“Tangu saa tano! Tangu saa tano napiga kelele humu ndani!”

“Rudia hapo kwenye saa,” alisema fundi. “Naandika.”