Ni C ama ni G

Barua ya Rodah ilikuwa na sentensi moja tu, tena ya Kiingereza, na tangu asubuhi ilikuwa imewakwama kooni wazee watatu wa kanisa: "My husband gives me cruel every morning."

Mumewe, Kimeli, alikuwa asimikwe uzee wa kanisa Jumapili hiyo. Kijiji kizima cha Kiptere kingekuja kushuhudia. Leo mtu mpole hivyo, aliyestaafu kiwanda cha majani chai bila kugombana hata na boila, ameshtakiwa ukatili na mke wake mwenyewe. Wakiamini barua, hasimikwi.

"'Cruel' si neno la mchezo," alisema Mwalimu Onsongo, aliyefundisha Kiingereza miaka thelathini na hakuwa amepata wa kumsikiliza tangu astaafu. "Asili yake ni Kilatini. Huko mwanzo lilihusu kitu kibichi, kitu hakijaguswa na moto. Ndiyo mtu katili ni mtu moyo wake haujaiva."

Mwenyekiti, Mzee Kipkurui, alimtazama Kimeli kwa huzuni. Kimeli alikuwa amekumbatia thermos yake, machozi yakimlengalenga.

"Nimemkosea nini mimi? Tangu avunjike mguu kwa shamba ya chai, ni mimi naamka. Naweka unga, namwaga maji ya moto, nakoroga mara mbili, nampelekea mpaka kwa kitanda. Hata dakika moja haiishi."

"Unampelekea nini?" Onsongo aliuliza.

"Uji ya wimbi."

Mwalimu alisimama polepole, akaichukua barua na kuisogeza dirishani. "Nani aliandika hii?"

"Quinter wa cyber," alijibu Rodah kutoka kitini, mkongojo magotini. "Mimi nilisema, yeye akapiga kwa kompyuta."

"Hebu sema hilo neno tena, mama."

Rodah akalisema. Kwa ulimi wa Mkipsigis, k na g ni chanda na pete, na Quinter alikuwa mgeni wa juzi. Angejuaje?

"Si c," alisema Onsongo, uso umemng'aa. "Ni g. 'Gruel.' Maana yake ni uji. Mama anasema bwana yake anampa uji kila asubuhi."

Mzee Kipkurui alicheka mpaka akajipangusa macho. "Na sisi tunakaa hapa kuhukumu mwanaume anapikia bibi yake uji. Kati yetu, nani amewahi?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Mimi bado sijaulizwa," Rodah alisema.

"Tulia, mama, tumekuelewa. Yaliyopita si ndwele."

Mzee Mokaya, karani, akampa Mwalimu kalamu. Mwalimu akaikata ile c, akaandika g juu yake, wote watatu wakatia sahihi. Hapakuwa na kesi tena. Jumapili Kimeli angesimikwa, na Kipkurui alisema wazi kwamba kanisa lilichelewa sana kumwona mtu wa aina hiyo.

Kimeli alifurahi mno. Alikuwa amekuja na ushahidi wake, kwa hiyo akafungua thermos na kuwamiminia wazee, kikombe kwa kikombe, akitikisa kidogo ili uji utoke wote.

"Na wewe?" Mokaya aliuliza.

"Mimi ni mtu wa chai."

Kipkurui akaombea vikombe. Wakapiga funda moja kubwa, wote kwa pamoja, kwa heshima ya mwenye kupika. Rodah aliwatazama.

Mzee Kipkurui akaanza kutafuna unga.

Mwalimu Onsongo alimeza kwa shida, akaivuta ile barua, akaomba kalamu tena. Akaikata g, akairudisha c.