Bila Swali Hata Moja

Chiriku aliingia ukumbini mbiombio, maji yakimdondoka kidevuni, na kengele ya kufungua mdahalo ikalia. Alikuwa msalani akisukutua koo wakati wenzake wakipiga kura ya nani atetee hoja na nani aipinge. Kwenye meza ndefu ya timu zote mbili aliona karatasi ya kura: KUPINGA. Akaichukua, akachomoa kadi zake za manjano na kuziacha za kijani mfukoni. Alikuwa amejiandaa kwa pande zote mbili, hana wasiwasi.

Hoja ilikuwa simu ziruhusiwe darasani. Lakini kilichomkosesha usingizi Chiriku ni kitanda cha dirishani. Dada yake, nahodha wa timu pinzani, alikihodhi tangu wakiwa wadogo. Safari hii walikubaliana mbele ya mama yao: atakayeshinda mdahalo atalala dirishani. Nyumbani Chiriku hajawahi kumshinda dada yake kwa maneno, hata kuhusu zamu ya kuosha vyombo.

Profesa, mwenzake wa timu, akamsukumia kijikaratasi. Kengele ikishalia, wa timu moja hawasemezani ila kwa maandishi. Chiriku hakukifungua. Profesa huandika jambo lilelile kila mara: punguza kasi.

"Msemaji wa kwanza," mwenyekiti aliita. Kura ya pili ilikuwa imewapa wao nafasi ya kuanza.

Dakika ya kwanza haina maswali. Ikilia kengele ndogo, mpinzani anaruhusiwa kunyanyuka na kuuliza, na dada mtu hunyanyuka kama ana siafu kwenye kiti. Chiriku alikuwa amefanya mazoezi wiki nzima mbele ya kioo: "Hapana, asante. Keti."

Kengele ndogo ikalia. Dada hakunyanyuka.

Chiriku akaeleza jinsi simu zinavyowaibia wanafunzi utulivu. Dada akaitikia kwa kichwa. Chiriku akaingia kwenye wizi wa mitihani. Dada akagonga meza kushangilia! Profesa akakohoa, akamkanyaga Chiriku mguu, akasukuma kijikaratasi cha tatu. Mwenyekiti akafungua kitabu cha kanuni, akakifunga. Hakuruhusiwa kumkatiza msemaji kwa lolote. Ukumbi mzima ulimkodolea macho Chiriku, naye akajaa furaha. Kumbe kushinda ndiko huku! Dada amekosa la kusema.

Kengele ya mwisho ilipolia aliketi akifuta jasho, tayari akiwaza rangi ya pazia.

Dada akasimama. Alifunga daftari lake kwanza, bila haraka.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mdogo wangu amesema yote, tena vizuri kuliko nilivyojiandaa mimi. Upande wa kupinga hauna la kuongeza. Tunaomba tu aturudishie karatasi yetu ya kura."